Barua ya wazi ya mjomba wa namba saba

Kwa wenyeviti wa serikali za mitaa, Manispaa ya Morogoro

Waheshimiwa wenyeviti,

Najua kazi yenu haina mshahara wa kueleweka. Tangu mlipochaguliwa Novemba 2024, milango yenu inagongwa saa nane za usiku na watu ambao ugomvi wa ndoa zao, mipaka ya viwanja vyao na mitaro yao ya maji machafu vyote vimegeuka shauri lenu. Sitawachosha kwa salamu. Naja moja kwa moja kwenye daftari.

Katika mtaa mmoja wa mji huu, ambao sitautaja, kulifanyika mkutano wa hadhara chini ya mwembe. Wiki ile mama muuza chapati alikuwa amekabwa alfajiri, akaporwa simu na pochi ya mauzo. Wiki ya nyuma yake duka lilivunjwa. Watu walikuwa na hasira, na haki ya kukasirika walikuwa nayo. Akasimama mtu mmoja akasema, "Panya Road wameshaingia Morogoro." Hapo mkutano ukageuka. Mpaka dakika ile tulikuwa tunamtafuta mwizi wa simu ya mama chapati: mmoja au wawili, mrefu au mfupi, amekimbilia upande gani. Baada ya hapo hakuna aliyemuuliza tena mama chapati aliona nini. Likaletwa kaunta buku, likafunguliwa ukurasa mpya, juu yake yakaandikwa kwa wino mwekundu maneno PANYA ROAD, na watu wakaanza kutaja majina ya vijana wanaoshinda kijiweni. Yakafika kumi na tisa. Namba saba ni mtoto wa dada yangu.

Ushahidi dhidi yake ulikuwa panga. Ni kweli analo. Mpini wake ameuzungushia tyubu ya baiskeli usimteleze mkononi, na makali yake yameliwa na tupa hadi limebaki jembamba kama samaki. Kila siku saa kumi na moja alfajiri hutoka na baiskeli, kamba ya katani na panga hilo kwenda kukata majani kando ya reli, kisha huwauzia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa hapa mjini. Saa nne huwa amemaliza. Kuanzia saa nne hiyo mpaka jioni yupo kijiweni anacheza drafti, visoda vilivyolala kifudifudi kwa vilivyolala chali, na kwa mtu asiyejua alikotoka alfajiri, yule ni kijana mwenye panga asiye na kazi.

Sisi Waluguru mnatujua. Ukoo kwetu unapita kwa mama, na mtoto wa dada ni wangu kuliko hata niliyemzaa mwenyewe. Kwa mila ya mlimani, akivunja chungu cha watu, anayeitwa kulipa ni mjomba. Kwa hiyo daftari lile limeniandika na mimi, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Lakini kabla ya kumtetea mtu, naomba niwaeleze jina hilo la Panya Road mliloliokota lilikotoka. Nilikuwa mwalimu wa historia kwa miaka thelathini na mbili, mnisamehe ubao.

Hofu ya mjini juu ya vijana wasio na kazi ni nzee kuliko sisi sote. Waingereza walipokuwa Dar es Salaam walikuwa na neno lao walilolichukua kwetu: wahuni. Mwaka 1944 wakatunga sheria ya kuwaondoa mijini wale waliowaita wenyeji wasiotakiwa, na wakawa wanawakusanya na kuwarudisha makwao. Makwao ilikuwa wapi? Wengi walikuwa Wazaramo, Warufiji, na sisi tulioshuka kutoka Uluguru. Babu zenu baadhi yao walirudishwa kwa njia hiyo, na wakapanda tena gari kurudi Dar mvua ilipokatika. Katika miaka ya 1950, J.A.K. Leslie, Mwingereza aliyeufanyia mji ule utafiti, aliwakuta vijana wanavaa kama kauboi wa sinema. Mkiangalia suruali za vijana wenu leo mkashtuka, kumbukeni kofia zile.

Tukapata uhuru, neno likabadilika lakini kamatakamata ikabaki. Waliokuwa wahuni wakaitwa wazururaji, na kwenye hotuba wakaitwa kupe. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikuwa hana pa kusimama Dar es Salaam. Walisombwa kwenda vijijini na mashambani. Kaka yangu alifika nyumbani usiku wa manane na begi moja la rambo, akasema amekuja kusalimia. Salamu yenyewe ilichukua miezi minane. Simsemi vibaya Edward Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule. Alifia kwetu hapa Dakawa tarehe 12 Aprili 1984, chuo kikuu chetu kina jina lake, na nililia kama wengine. Nasema tu kwamba wale waliosombwa walirudi mjini, mmojammoja, na safari hii walikuwa wanajuana.

Baada ya hapo Dar ikaanza kuyapa makundi majina. Komando Yosso. Kisha Mbwa Mwitu. Kisha Panya Road. Mtu akisikia majina yale moja baada ya jingine hudhani ni majeshi matatu, kila moja na jemadari wake. Mimi nadhani lilikuwa jambo lilelile linabadilisha shati: vijana wa uswahilini, wa umri wa kutoka shule ya msingi na kuendelea, wanaokwenda kwa wingi kwa sababu mmoja mmoja hawana nguvu, wanapita mtaani kwa kishindo, wanapora simu na kukata watu kwa mapanga. Hakuna aliyewahi kuonesha kadi ya uanachama.

Usiku uliolifanya jina la Panya Road lijulikane nchi nzima ni wa Ijumaa, tarehe 2 Januari 2015. Naomba tukae hapo kidogo, maana wengi mnaukumbuka kwa simu mlizopigiwa na ndugu zenu na si kwa namna ulivyoanza. Ulianza na maiti. Kijana mmoja aliyedhaniwa mwizi alikuwa ameuawa na wale ambao magazeti yetu huwaita wananchi wenye hasira kali. Wenzake wakaenda kumzika. Waliporudi kutoka makaburini walirudi kwa kundi, na njiani wakaanza kupora na kupiga watu. Hadi hapo ni uhalifu wa kundi moja katika maeneo machache ya Kinondoni. Lakini simu zilikuwa mikononi mwa watu. Ujumbe ukaruka: wako Sinza, wako Magomeni, wako Mwananyamala, wanakuja kwenu. Maduka yakafungwa. Baa zikamwaga watu, daladala zikakatisha ruti, mama lishe wakaacha masufuria jikoni na moto wake. Mahali pengi watu walikimbizwa na watu waliokuwa wanakimbia. Hofu ile usiku ule ilifika sehemu ambazo miguu ya vijana wale isingeweza kufika hata kwa wiki.

Siku zilizofuata, Jeshi la Polisi chini ya Kamishna Suleiman Kova lilikamata vijana kwa mamia. Wengine bila shaka walikuwa wahalifu. Lakini hebu jiulizeni, waheshimiwa: kijana aliyekuwa anauza karanga akaingizwa kwenye karandinga kwa jina la Panya Road, akakaa mahabusu siku kumi na vijana wengine hamsini, akitoka pale anakuwa nani? Jina amepewa bure. Wenzake amekutanishwa nao kwa gharama ya serikali. Na mtaani sasa wanampisha njia.

Msinielewe vibaya, sisemi Panya Road ni hadithi ya kutishia watoto. Mwaka 2022 walivamia nyumba za watu Dar es Salaam usiku, wakakata watu vichwani na mikononi. Septemba ya mwaka ule, Kawe Mzimuni, msichana aliuawa nyumbani kwao. Siku chache baadaye polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa sita wameuawa katika msako. Ukiwa mzazi wa binti yule, maneno yangu haya yote ya historia ni kelele. Nalijua hilo, na sina jibu la kumpa. Ninachosema ni kwamba kati ya Januari 2015 na Septemba 2022 kuna miaka saba, na aliyekuwa na miaka kumi usiku ule wa simu, akasikia jina linalofunga maduka ya jiji zima, miaka saba baadaye alikuwa na kumi na saba.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu dawa ya orodha. Mwaka 2010 serikali yao ilitangaza makundi 33 kuwa haramu, Mungiki likiwemo. Mwishoni mwa 2016 ikatoka orodha nyingine ya makundi yapata 90. Sijasema orodha ndiyo iliyoyazaa. Lakini hakuna anayeweza kusema iliyazuia kuzaliana.

Sasa turudi nyumbani. Sisi na Dar tuna biashara ya zamani. Tunawapelekea maji ya Mto Ruvu unaoshuka kutoka Uluguru, tunawapelekea kabichi na karoti za Mgeta, na wao wanatuletea mitumba, mabasi na majina. Tangu treni ya SGR ianze safari Juni 2024, jina linatoka Dar likifika hapa bado la moto.

Lakini vijiwe vyetu havikujengwa na Panya Road. Nilipokuwa kijana, mji huu uliamshwa na ving'ora vya viwanda. Kulikuwa na Magunia, kulikuwa na Polyester, kulikuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa ndoto kwamba Wazungu wa Ulaya watavaa viatu vya Morogoro. Hata sehemu ya kumi ya uwezo wake hakikuifikia, na mwaka 1990 kikafa. Vingine vimefufuka kwa majina mengine na wafanyakazi wachache, lakini king'ora cha kuwaita vijana elfu kwa pamoja hakijalia tena. Baba wa huyo namba saba alikuwa fundi mashine. Alipopunguzwa kazi alinunua ubao wa drafti. Mnapowauliza vijana kwa nini wanashinda kijiweni, wengine wamerithi benchi.

Mji huu uliwahi kuwa na kambi mbili kweli, na ugomvi wake ulikuwa mkali: bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah huku, Morogoro Jazz huko. Kijana wa upande huu hakupita ukumbi wa upande ule bila kutupiwa neno. Silaha ilikuwa gitaa. Nayasema haya kwa sababu wazee wenzangu hupenda kudai kwamba enzi zetu hatukuwa na makundi. Tulikuwa nayo. Tulichokuwa nacho zaidi ni mshahara wa mwisho wa mwezi wa kununulia tiketi.

Na kuna ajali ya Msamvu, hapa hapa mjini. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, vijana wakakimbilia na madumu kuchota petroli, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100, wengi wao vijana, baadhi madereva wa bodaboda wa vijiwe mnavyovijua. Tuliwazika makaburi ya Kola. Wiki ile nilisikia mtu mzima, tena mcha Mungu, akisema wamekufa wezi wa mafuta. Tayari walikuwa na jina la pamoja, na jina la pamoja humpunguzia mtu kazi ya kulia.

Nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kuliandika. Katika miaka ya 1990, nikiwa mwalimu kijana, niliona kibaka anachomwa hapa hapa mjini. Niliikuta shughuli katikati. Alikuwa amevaa kandambili moja ya bluu. Ya pili ilikuwa imebaki mtaroni, imeelea. Mtu alikuwa amekwenda kutafuta tairi, na walipokuwa wanamsubiri, waliomzunguka walikuwa wanazungumza mambo ya kawaida kabisa, bei ya sukari, mechi ya Jumapili. Nilisimama pale na mfuko wangu wa madaftari ya Kidato cha Pili. Hakuna aliyemwita yule kijana kwa jina lake. Ningeuliza tu, "Huyu ni mtoto wa nani?" labda mjomba wake angepatikana. Sikuuliza. Niliondoka kabla tairi halijafika, na kwa muda mrefu nikajiambia kwamba kuondoka ilikuwa ndiyo kukataa.

Ndiyo maana daftari lile lilinitisha kuliko mwizi wa simu. Panya Road ya Januari 2015 ilianzia kwa wananchi wenye hasira kali. Kama tunataka kuwa na yetu, njia ni hiyo hiyo: tumpate mmoja, tumuue hadharani, tuwaache kumi na wanane waliobaki wakamzike.

Sasa maombi yangu, na yapo ndani ya uwezo wenu, hayahitaji fungu la halmashauri.

Jina la Panya Road lisitamkwe na kiongozi kwenye mkutano wa mtaa. Akiibiwa mtu, itajwe saa, mahali, kitu kilichoibwa na sura iliyoonekana. Mwizi wa simu aitwe mwizi wa simu, na apelekwe polisi kama mwizi wa simu. Najua jina kubwa linaleta askari haraka na jina dogo linakaa foleni. Lakini karandinga likija kwa jina kubwa halichagui, litaondoka na mwizi na mkata majani.

Na orodha za vijiweni zisiandikwe kwa kelele za mkutano. Kwa miaka mingi Kanuni ya Adhabu imebeba vifungu vya uzururaji, cha 176 na cha 177, vipana mno: mtu akishaorodheshwa, kosa la kumbandika halikosekani. Mkitaka kuwajua vijana wenu, na mnapaswa kuwajua, nendeni kijiweni wenyewe mchana. Ulizeni huyu analala wapi, anaamka saa ngapi, mama yake ni nani, na kwa Waluguru ulizeni mjomba wake ni nani. Mjomba mwenyewe huenda yuko Matombo au Mgeta analima, hajui lolote, na simu yake haishiki mtandao mpaka apande kichuguu. Mpigieni wakati amepanda. Nimewaona wenzangu wakitelemka mlimani kwa basi la kwanza kwa sababu ya simu ya namna hiyo, na nimeona kijana jeuri wa miaka ishirini akimwona mjomba wake anaingia kijiweni na kofia yake ya ibada, akasimama mwenyewe bila kuambiwa.

Juu ya ulinzi shirikishi pia nina neno. Mnachukua watu wazima waliochoka, mnawapa marungu na filimbi, mnawatuma wakawakague vijana. Vijana wenyewe ndio wanaojua mji ule wa saa tisa usiku. Wapiga debe, wabeba mizigo wa Soko Kuu la Chifu Kingalu wanaopokea Fuso za kabichi kabla ya adhana, bodaboda wa Msamvu: hao wanamjua aliyemkaba mama chapati kabla jua halijachomoza. Hawasemi, kwa sababu aliyesema mara ya mwisho aliandikwa na yeye.

Baadhi yenu mtasema mzee huyu anamtetea mpwa wake. Ndiyo, namtetea. Na siwezi kuapa kwamba hajawahi kununua simu ya bei ya ajabu bila kuuliza ilikotoka. Nimemuuliza, akaangalia chini. Hilo ni shauri langu na yeye, na likifika kuwa shauri la polisi nitampeleka mwenyewe kwa miguu yangu, kwa jina lake alilopewa na bibi yake. Kwa jina la wino mwekundu simpeleki.

Namalizia na mwenyekiti mmoja kati yenu, ambaye akisoma atajijua. Mheshimiwa, panga la mpwa wangu bado liko ofisini kwako, nyuma ya mlango, pamoja na ufagio. Kwa wiki tatu sasa anakata majani kwa mundu wa kuazima, na wateja wawili wameshahamia kwa mtu mwingine. Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuja naye. Atakuja na baiskeli, kitambulisho cha taifa, na mfugaji mmoja anayemuuzia majani. Mama chapati nimemwomba naye aje, amkubali au amkatae uso kwa uso. Naomba ukute umeshafungua ule ukurasa, na kalamu iwe mezani.

Wako katika ujenzi wa mtaa,

Mjomba wa namba saba
Mwalimu mstaafu, Morogoro